Kikohozi cha Baba na Ngazi za Ndege

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba baba yangu ana ugonjwa wa koo unaompata mahali pamoja tu: mbele ya geti la Bibi, huku Makomeno, mtaa wa Lubumbashi. Njiani alikuwa mzima kabisa. Aliongea, alinunua karanga, alinicheka kwa jinsi nilivyoogopa mbwa wa watu. Tukifika kwenye lile geti la bati anasimama, anaangalia upande wa barabara, anakohoa. Anasubiri kidogo, anakohoa tena kwa nguvu zaidi. Ndani tunasikia kiti kikiburutwa, kitenge kikikung'utwa, na baadaye sauti ya Bibi, ambayo haikusema na baba wala na mimi, ilisema na hewa tu: "Kama kuko bantu, baingie," yaani kama kuna watu, waingie.

Bibi ni mama wa mama yangu. Miguu yake ilikauka akiwa mtoto, baada ya homa ambayo hakuna aliyejua jina lake. Barabarani anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono, na mikono yake ni minene kuliko ya baba. Nyumbani anatembea chini. Anaweka viganja sakafuni, anainua mwili, anausogeza mbele, tena kwa haraka inayowashangaza wageni. Hivyo ndivyo alivyopika, alivyofagia uwanja, alivyolea watoto wawili na kumuuguza mume aliyefanya kazi kwenye reli maisha yake yote. Sisi wajukuu hatukuona ajabu. Mimi ananiita mbanda, yaani mke mwenza, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Akinikuta nimelala mchana ananijia chini kwa chini, ananipiga kofi mguuni na kusema kwamba ndiyo sababu mume wetu alikufa amekonda.

Baba hakuwahi kumwona Bibi akitembea chini. Hata mara moja. Kikohozi kile ndicho kilichompa Bibi muda wa kufika kwenye kiti, kupanda, na kutandaza kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Kwetu, watu tuliotoka kaskazini mwa Katanga, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaoneana haya. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na mmoja akiwa na neno kwa mwenzake analipitisha kwa mtu wa katikati. Familia nyingi za mjini zimeacha mambo haya. Kuna wenzangu wa chuo ambao baba zao wanakaa sebuleni na mama wakwe wakitazama mpira. Yetu haikuacha. Iko njia ya kuimaliza haya hiyo: mke anapika kuku, mama mkwe anampa mkwe kipande kwa mkono wake mwenyewe, naye anakila mbele yake. Tangu hapo wanaweza kushikana na kutazamana. Mama alikuwa akisema atampika kuku huyo Krismasi, halafu Pasaka, halafu nikimaliza sekondari. Alifariki kuku akiwa bado anaahidiwa. Baada ya msiba Bibi alisema jambo hilo limekwisha, kwa sababu mpishi hayupo. Kwa hiyo haya ilibaki palepale, na baba aliendelea kuja kila Jumapili na kukohoa. Mtu wa katikati, ambaye zamani alikuwa mama, nikawa mimi.

Naeleza haya yote ili ieleweke kilichotokea uwanja wa ndege.

Bibi alikuwa na dada mmoja aliyebaki, Kinshasa, mkubwa kwake. Mwaka ule dada aliugua akawa hainuki tena kitandani. Alipiga simu, akaomba simu iwekwe kwenye sikio la Bibi, na maneno yake nilikuwa nayasikia kwa sababu wazee wale wote wawili wanaongea na simu kana kwamba wanaitana ng'ambo ya mto. Alisema: njoo nikuone, mimi siji tena. Hakusema zaidi. Bibi alinirudishia simu, akaniambia nitafute ndeke, na ndeke kwetu ni ndege.

Mimi nina shahada ya sheria na sina kazi, na mtu wa aina hiyo ana muda mwingi wa kuogopa. Nilisoma masharti ya safari kwenye simu mpaka macho yakauma. Niliwaza itakuwaje kama kiti cha magurudumu cha uwanjani ni chembamba. Niliwaza mkanda, niliwaza choo cha ndege, niliwaza mtu atakayeketi nyuma yetu akipiga magoti kwenye kiti. Usiku nilitunga sentensi za Kifaransa za kumwambia mfanyakazi asiye na adabu, nikazirudia kichwani mpaka zikawa laini kama hotuba. Sikuwaza ngazi. Sina maelezo. Nafikiri ni kwa sababu kwenye picha za matangazo ndege huwa iko tayari angani.

Masharti yalidai abiria asiyetembea asafiri na mtu mwenye nguvu atakayetia sahihi kumsaidia. Mtu huyo alikuwa awe mjomba, mtoto wa kiume wa Bibi, anayefanya kazi ya mabehewa Sakania, mpakani. Siku chache kabla ya safari mabehewa yalitoka relini huko na likizo zote zikafutwa. Mjomba alipiga simu akiomba msamaha kama mtu aliyeyaangusha yeye. Mwanaume mwingine katika familia aliyekuwa na nafasi na nguvu alikuwa baba.

Tulikwenda wote ofisi ya shirika la ndege, mjini. Mlangoni kuna vidato, kwa hiyo Bibi alibaki nje kivulini kwenye baiskeli yake. Ndani alikuwapo mama mmoja mpole sana, mwenye miwani ya kamba, ambaye aliuliza maswali yake huku akimtazama baba. Abiria anaweza kukaa bila kuegemezwa? Anaweza kula mwenyewe? Baba alitazama bango la ndege ukutani. Mimi nikajibu. Mama yule akaandika, kisha akamgeukia baba tena, kwa sababu mwenye kutia sahihi alikuwa yeye, akauliza kama abiria anaweza kwenda chooni bila kusaidiwa.

Baba alisimama akatoka nje. Kupitia kioo nilimwona amesimama kando ya nguzo ya umeme, mbali na Bibi, amempa mgongo.

Mama wa ofisi akaniuliza kama papa anaumwa.

"Hapana, haina mugonjwa," nikasema. "Ni mukwe wake."

"Aa, ni mukwe," akasema, akacheka kwa huruma. Alikuwa mtu wa hapa, alielewa yote mara moja. Alinisimulia hata jinsi mume wake mwenyewe anavyojificha nyuma ya friji mama mkwe akija. Halafu akaandika jina la baba kwenye nafasi ya msaidizi, nikampelekea baba karatasi nje, akatia sahihi akiiegemeza kwenye nguzo.

Nimerudi kwenye dakika zile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Tulikuwa watu wanne wenye akili timamu. Kila mmoja alijua kwamba baba hawezi kumgusa Bibi. Kila mmoja alijua kwamba anaandikwa ili amsaidie. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu kwetu jambo la mkwe kumgusa mama mkwe halisemwi, hata ili kulikataa.

Asubuhi ya safari Bibi alikuwa amevaa vitenge viwili vipya vya rangi moja, kimoja kiunoni na kimoja mabegani, na hakuwa amekunywa maji tangu jana yake jioni. Nilipomsihi anywe alisema vyoo vya ndege vimejengwa kwa ajili ya watu wenye miguu, yeye atakunywa Kinshasa. Alijua hilo bila kusoma masharti.

Uwanjani mwanzo ulikuwa mzuri, na mimi nikaanza kuona haya kwa sentensi zangu. Kijana mwenye fulana ya njano alileta kiti cha magurudumu, Bibi akajihamisha mwenyewe kutoka kwenye teksi kwa mikono, na kijana akawa na adabu ya kutazama pembeni. Alitupitisha mbele ya foleni. Aliongea na Bibi mwenyewe, si na sisi juu ya kichwa chake. Alimwuliza kama upepo wa asubuhi si mkali. Baba alitufuata kwa mbali na mizigo. Tukatokea kwenye lami, ndege iko pale, nyeupe, na kwenye ubavu wake ngazi ya chuma.

Kijana alisimamisha kiti chini ya ngazi, akafunga breki, akamsubiri baba afike.

"Bon, papa," akasema. "Sasa ni weye."

Baba akauliza yeye afanye nini.

"Kubeba maman."

Baba aliweka mizigo chini. Alirudi nyuma hatua, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta mwenyewe anaoga.

Nikaanza kueleza, na sentensi zangu zote za Kifaransa zikawa zimekimbia. Kijana alinisikiliza. Alisema gari la kuinua abiria liko, lakini limeharibika, linasubiri kipuri. Wapakia mizigo wamekatazwa kubeba watu tangu mmoja wao alipoteleza na abiria mgongoni. Aliyetia sahihi ndiye anayebeba, na aliyetia sahihi ni papa. Nyuma yetu abiria walikuwa wameanza kujipanga. Mfanyabiashara mmoja mnene, mwenye kofia iliyofumwa, aliweka begi lake chini akasema yeye atambeba, maana huyu ni mama wa watu wote. Kijana alimkatalia. Alisema mukiangukia hapa wote wawili, jina lako haliko popote, mimi ndiye nitakayeulizwa. Redio kiunoni mwake ikaongea. Akaisikiliza, na nilimwona akikunja uso kabla ya kutuambia.

"Chef anasema, kama haiwezekane, babaki. Kuko vol ingine mbele. Mais ile engin, sijue kama itakuwa imepona." Yaani tungoje ndege nyingine, lakini hata yeye hajui kama gari la kuinua litakuwa limepona.

Nilimfikiria dada wa Bibi kitandani. Niliwaza kwamba tukirudi nyumbani leo Bibi hataweka tena mguu, yaani mkono, uwanjani hapa, na nitamshikia simu siku atakayopewa habari. Baba alikuwa anatazama mbali, upande wa maghala, na taya lake lilikuwa linatembea. Alikuwa mwanaume mwenye nguvu. Angeweza kumwinua Bibi kwa mkono mmoja. Nadhani wakati ule aliichukia mikono yake.

"Mbanda," Bibi akasema, "banasema nini?"

Alikuwa amesikia kila neno. Lakini lililosemwa mbele ya mkwe halijasemwa mpaka mtu wa katikati amelileta. Nikamwambia. Akaitazama ngazi kutoka chini mpaka juu, polepole, kama anavyotazama nyanya za mtu mwingine sokoni.

"Ambia baba yako aangalie kule."

Baba alikuwa tayari anaangalia kule.

"Na hii kitenge ya juu, umupatie."

Nilikitoa kitenge mabegani mwake nikampa baba, bila kuelewa. Yeye alielewa. Alikikunjua, akakishika kwa mikono miwili iliyonyoshwa, akasimama chini ya ngazi akiwa ameipa mgongo, uso kwa abiria, kitenge mbele yake kama pazia. Na nyuma ya pazia hilo Bibi akashuka kwenye kiti, akaweka viganja vyake kwenye chuma, akakaa kwenye ngazi ya kwanza akiuelekeza mgongo kwenye ndege, akajiinua mpaka ya pili.

Mimi nilikuwa kando yake, nimeishika miguu yake iliyofungwa kwenye kitenge cha chini ili isigonge. Alipanda kinyumenyume, jinsi anavyopanda baraza la nyumbani. Lakini baraza la nyumbani ni fupi. Alipofika juu ya kichwa cha baba pazia halikumfunika tena. Bibi akagonga chuma kwa kiganja. Baba, bila kugeuka, akatafuta ngazi kwa kisigino, akapanda kinyumenyume. Bibi akapanda nyingine, akagonga. Baba akapanda. Hawakuhitaji mtu wa katikati. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwaona wakiambiana jambo bila mimi au mama, na sasa waliambiana kwa chuma, wote wawili wakienda nyuma, mmoja akiwa hawezi kutazama na mwingine akiwa hawezi kutazamwa. Nilikuwa na hofu moja tu kubwa, baba asikose ngazi. Hofu zangu nyingine zote zilinyamaza, na mpaka leo sijui zilikwenda wapi.

Kijana mmoja kwenye foleni aliinua simu kutupiga picha, na mama mmoja mwenye mizigo ya nguo nyuma yake akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Weye, shusha ile telefone, ao nitakushushia. Ni mama yako unafilmer?" Simu ikashuka.

Juu mlangoni mhudumu wa ndege, msichana wa umri wangu, aliinama akasema, "Bravo, maman," akapiga makofi. Watu wachache waliokwisha kuingia kwa mlango wa nyuma wakapiga pia. Walitaka mema, najua. Bibi alikuwa anapumua kwa nguvu na kupangusa uchafu wa viganja kwenye kitenge. Alinivuta sikio.

"Banapiga makofi juu ya nini? Nilikuwa nashindana na nani?"

Bado naliwazia swali hilo.

Ndani walitupangia viti vitatu vya pamoja, kwa sababu msaidizi lazima awe karibu. Bibi aliwekwa dirishani, na mhudumu alieleza bila aibu kwamba ni ili asizuie watu wengine kutoka ikitokea hatari. Baba alikaa ukingoni. Mimi nilikaa katikati, nikawa ukuta. Baba alikuwa bado amekikunja kitenge magotini, hajui amrudishie Bibi vipi. Baada ya muda aliniambia nimuulize mama, ndivyo anavyomwita Bibi, kama ana kiu. Nikamuuliza. Bibi akaniambia nimwambie atakunywa Kinshasa. Halafu akaongeza, akitazama mawingu, nimwambie pia kwamba kitenge abaki nacho, kifike naye.

Nilijaribu kumkasirikia kijana wa fulana ya njano na sikuweza. Alikuwa mpole, na upole wake uliishia pale gari lilipoharibikia. Nilijaribu kumkasirikia mama wa ofisi, aliyeelewa kila kitu. Kila niliyemfikia alikuwa ametimiza sehemu yake vizuri, na mwisho wa sehemu hizo zote mwanamke mzee alikuwa amepanda ndege kwa viganja. Katika masharti yao kuna sentensi nzuri kuhusu heshima ya kila abiria. Niliikumbuka nikiwa angani. Nafikiri waliiandika wakimfikiria abiria ambaye heshima yake inaanza mlangoni mwa ndege na kuishia kwenye kiti.

Kinshasa gari la kuinua lilikuja. Shirika lilelile. Kisanduku kikapanda mpaka mlangoni, Bibi akaingizwa na kiti chake, kikashuka taratibu kama mkate unaoteremshwa, na yeye akacheka tangu juu mpaka chini. Alisema hata mfalme hashushwi hivi. Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nafikiria safari ya kurudi.

Dada yake alimtambua kwa sauti kabla hajamwona. Sitaeleza walivyosalimiana, kwa sababu nilitoka nje, na baba pia alitoka. Siku zilizofuata wazee wale wawili walilala kitanda kimoja na kubishana kuhusu nani alivunja chungu gani walipokuwa wadogo. Baba alipewa chumba cha uani. Alikula peke yake, akichukua sahani yake kwangu. Bibi alimsimulia dada yake habari ya ngazi. Dada alicheka mpaka akakohoa, halafu akamshika Bibi kiganja akakigeuza kukitazama.

Nilipigia shirika simu kuuliza kuhusu kushuka Lubumbashi. Sauti nzuri ilinijibu kwamba upande ule kipuri hakijafika, na kwamba msaidizi wetu ameandikwa vizuri kwenye safari. Nikaenda kuwaambia wazee wale. Kushuka si kama kupanda. Kushuka kwa viganja, Bibi mwenyewe hakujiamini.

Bibi akasema, si kwangu, kwa dada yake, kwamba basi wapike yule kuku.

Mimi ndiye niliyepinga. Nilisema kwa urefu, na kwa mara ya kwanza katika safari ile maneno yalikuja. Nilisema wanaopaswa kubadilika ni shirika, si yeye. Gari ni lao, kipuri ni chao, haya ni yake na ya baba, na hawezi kuitoa kwa sababu mtu amechelewa kuagiza kipuri. Nilisema tunaweza kukataa, tunaweza kudai. Bibi alinisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Mbanda, weye ulisoma sheria. Uibadilishe, nitafurahi. Mais mimi ndeke yangu ni kesho."

Ilikuwapo bado shida ya mpishi, maana kuku huyo hupikwa na mke. Dada aliamua nipike mimi, kwa sababu nina mikono ya mama yangu. "Kama bazee bale habakubali," akasema, akimaanisha waliotutangulia, "baniulize mie. Niko karibu kubafikia." Akaniongoza kutoka kitandani, akinusa hewa na kunikemea kwa chumvi ambayo nilikuwa sijaitia bado.

Baba aliitwa. Aliingia akiwa amevaa shati la kanisani, akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa, uso chini. Bibi alikuwa kitini. Alichagua paja, akaligawa kwa vidole, akanyosha mkono. Mkono ule ulibaki hewani muda ambao niliona mvuke wa nyama ukiisha. Kisha baba akapokea, akala, akatafuna mpaka mwisho, na akainua uso, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Bibi akamtazama. Aliupitia uso wote, kutoka paji mpaka kidevu.

"Kumbe uko na mvi," akasema.

"Ndiyo, mama," baba akajibu.

Walikuwa na miaka mingi ya maneno yaliyopita kwa watu wengine, na sasa njia ilipofunguliwa hakuna lililopita. Dada alisema kuku alikuwa na chumvi kidogo. Mimi nilikwenda kuosha vyombo, na nilipokuwa naviosha niliwaza kwamba mama alikuwa amebakiza kitu kimoja kati ya watu hawa wawili, na kitu hicho ni pengo. Kila Jumapili baba aliposimama getini alikuwa bado mume wa mtu. Sasa pengo tulikuwa tumelila kwa sima. Pengine nilikosea. Mimi huwaza sana, Bibi ndivyo anavyosema, na kuku ni kuku.

Dada yake aliishi mpaka mvua za kwanza. Walikuwa wameonana.

Lubumbashi, mlango wa ndege ulipofunguliwa, baba alichuchumaa mbele ya kiti cha Bibi. Bibi alimshika mabega. Nikamfunga mgongoni mwa baba kwa kile kitenge, kama mama anavyofunga mtoto, fundo kifuani. Baba akashuka ngazi akitazama mbele, Bibi amefumba macho. Chini alikuwapo kijana yuleyule wa fulana ya njano na kiti chake, na alifurahi kutuona, furaha ya kweli.

"Unaona, papa," akasema. "Ilikuwa rahisi."

Baba alimshusha Bibi kitini, akakunjua kitenge, akakikunja tena kwa uangalifu pembe kwa pembe. Mimi nilikuwa na hotuba. Nilichosema kilikuwa kifupi. Nilimuuliza gari liko wapi. Akasema kipuri kiko njiani. Baadaye niliwaandikia watu wa shirika, wakanishukuru kwa kuwachagua.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa Bibi mapema. Alikuwa chini uani, miguu ameikunja pembeni, anachagua maharagwe kwenye ungo, mimi namsaidia. Tulisikia hatua za baba barabarani. Nilizijua na yeye alizijua. Zikafika kwenye geti, zikasimama. Bibi akainua kichwa, na mkono wake ukabaki juu ya maharagwe. Geti lilikuwa wazi kidogo. Baba alikuwa na ruhusa ya kulisukuma. Alikuwa amekula kuku, alikuwa amembeba mgongoni mbele ya watu, hakuna sheria ya wazee iliyomzuia kuingia na kumkuta alivyo. Nilisubiri kusikia bati likilia.

Nje, baba akakohoa. Polepole kwanza, kisha kwa nguvu.

Bibi aliweka ungo kando. Akaweka viganja chini, akavuka ua kwa haraka yake ya siku zote, akaingia ndani, akajivuta juu ya kiti, akatandaza kitenge mpaka vifundoni. Nilimfuata nikamnong'oneza kwamba si lazima tena.

"Nyamaza," akasema, akijifunga kilemba vizuri. Kisha akaiambia hewa: "Kama kuko bantu, baingie."

Baba akaingia. Akasimama karibu na mlango, macho kwenye kalenda ya parokia ukutani, akaniomba nimuulize mama kama amelala vizuri. Nikamgeukia Bibi, nikamuuliza.